Maneno ya Nyumbani: Gari la Wagonjwa Liende kwa Nani Kwanza?



Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo kila nyumba italihitaji siku moja, wala hapana nyumba iijuayo siku hiyo ni ipi. Jambo lenyewe ni simu ya kuita gari la wagonjwa. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi yote imo katika gari na dereva: gari likiwa zima na dereva akiwa mwepesi, mgonjwa ameokoka. La, si hivyo. Kabla gurudumu halijazunguka, yuko mtu aliyeketi mbele ya simu ambaye hana budi kuamua: hili gari moja nililo nalo, nilipeleke wapi? Katika miaka ya karibuni namna ya kuamua hivyo imebadilika sana, huko ng'ambo na hapa kwetu pia, na mabadiliko hayo yametuletea sisi watu wa majumbani wajibu ambao wazee wetu hawakuwa nao. Basi yatupasa tuufahamu.

Tuanze na asili ya mambo. Mwezi wa Novemba, mwaka 1935, nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole Street mjini London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyekimbilia simu ili awaite wazima moto aliwekwa angoje zamu yake pamoja na watu waliokuwa wakipiga simu za kawaida. Watu walilalamika sana, na tarehe 30 Juni, 1937, London ikafungua nambari 999 kwa ajili ya dharura peke yake. Angalieni basi: taabu ya kwanza ilikuwa ni kungoja zamu, na dawa yake ikawa ni kuitoa simu ya dharura katika zamu ya watu wote.

Lakini dharura zenyewe zilipokuwa nyingi, zamu ilirudi. Mtu mmoja amevunjika mguu, wa pili moyo umesimama, wa tatu anaumwa na tumbo tangu jana, na wote watatu wamepiga nambari ile ile. Je, atangulizwe aliyepiga kwanza? Au anayepiga kelele zaidi? Sisi tunaofundisha chuoni twalijua jambo hili bila ya kusomea udaktari. Watoto wawili wakianguka uani, mmoja analia hata majirani wanatoka nje, na mwenziwe amenyamaza kimya, mwalimu mwenye akili humwendea kwanza yule aliyenyamaza. Mwenye kulia, pumzi anazo.

Kwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Salt Lake City nchini Marekani, daktari mmoja jina lake Jeff Clawson alitunga kadi za maswali kwa ajili ya wapokeaji wa simu. Badala ya kila mpokeaji kuuliza lililomjia kichwani, alipewa maswali yaliyopangwa, na kwa majibu yake akajua khatari ni ya daraja gani, na apeleke nini. Kadi zile zilimpa pia maneno ya kumwelekeza mpigaji la kufanya wakati gari liko njiani. Tangu hapo yule mtu wa simu hakuwa karani tena. Amekuwa ni mkono wa kwanza wa tabibu.

Sasa tutazame mabadiliko makubwa yaliyofanywa Uingereza mwaka 2017, maana yana mafunzo mengi kwetu. Kwa miaka mingi huko England magari ya wagonjwa yalipimwa kwa kipimo kimoja kikubwa: simu zilizohesabiwa kuwa za khatari zifikiwe ndani ya dakika 8. Kipimo chaonekana kizuri, na nani asiyependa haraka? Walakini kilizaa maovu mawili.

Ovu la kwanza ni kuwa karibu nusu ya simu zote ziliingizwa katika daraja hilo la khatari, na kwa nyingi kati ya hizo saa ilianza kuhesabu baada ya sekunde 60 tu. Mpokea simu, akiiogopa saa, alipeleka gari kabla hajajua mgonjwa ana nini. Pengine alipeleka magari mawili au matatu kwa mtu mmoja ili mojawapo liwahi, kisha mengine yakarudishwa njiani. Wakati huo huo, mtu ambaye moyo wake umesimama mtaa wa pili hakupata gari, kwa kuwa yote yalikuwa mbioni kuikimbiza saa.

Ovu la pili lilikuwa la kujidanganya. Alipelekwa mhudumu wa pikipiki au wa gari dogo, akafika katika dakika ya saba, saa ikasimamishwa, na katika daftari ikaandikwa: tumefanikiwa. Lakini mgonjwa wa kiharusi habebwi juu ya pikipiki. Akaendelea kulala sakafuni akingoja gari la kumchukua, na kungoja kwake huko hakukuandikwa popote. Wakuu wa afya wa huko walitangaza wenyewe mwaka 2017 ya kuwa mgonjwa mmoja katika kila wanne waliohitaji hospitali alipatwa na kungoja huku kwa siri, na kwa mwaka walikuwa zaidi ya watu milioni moja.

Basi wakabadilisha. Kabla ya kubadilisha walijaribu kwanza, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield wakachunguza simu zaidi ya milioni 14. Katika utaratibu mpya mpokea simu huuliza mwanzoni kabisa maswali machache ya uhai: je, mgonjwa anapumua? Ana fahamu? Jibu likiwa baya, gari hutumwa hapo hapo. Jibu likiwa si hilo, mpokea simu amepewa nafasi hata sekunde 240, yaani dakika 4, ili aulize vizuri na atume kinachofaa. Simu zikagawanywa madaraja manne. La kwanza ni la aliye katika kufa, na hilo lifikiwe kwa wastani wa dakika 7. La pili ni la kiharusi, maumivu ya moyo na mfano wake, kwa wastani wa dakika 18. La tatu ni la wanaohitaji matibabu upesi lakini uhai wao hauko ukingoni, na watu tisa katika kila kumi wafikiwe ndani ya dakika 120. La nne ni la wanaoweza kungoja, na tisa katika kila kumi wafikiwe ndani ya dakika 180. Tena mgonjwa wa daraja la pili akihitaji kubebwa, saa yake haisimami mpaka lifike gari la kumbeba.

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo mtu asiyetafakari huziona zapingana. Moja yasema: haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mpango huu methali zote mbili zimepata mahali pake. Asiyepumua ni wa methali ya pili, asingojeshwe hata nukta. Na wengine wote ni wa methali ya kwanza, yaani dakika mbili tatu za kuuliza huzuia gari lisipelekwe pasipohitajiwa.

Lakini tusiseme nusu ya khabari. Mpango mzuri wa simu hauumbi magari, wala hauongezi vitanda. Mwezi wa Desemba 2022 wagonjwa wa daraja la pili huko England, ambao haki yao ni wastani wa dakika 18, walingoja kwa wastani wa zaidi ya saa moja na nusu. Sababu kubwa ni kuwa hospitali zilijaa, na magari yakawa yamepanga safu milangoni na wagonjwa wamo ndani, hayawezi kuwashusha na kurudi kazini. Mwaka 2023 serikali ikabidi iweke shabaha ya muda, wastani wa dakika 30. Fundisho lake ni hili: mwenye kupokea simu aweza kugawa kwa haki kile kilichopo, lakini hawezi kugawa kisichokuwapo. Wanaotawala wasijifiche nyuma ya utaratibu wa simu, na raia nao wasimlaumu karani wa simu kwa upungufu wa hospitali.

Baada ya hayo turudi kwetu. Shida yetu ni ya namna nyingine. Wenzetu walikuwa na magari wakakosea kuyapanga. Sisi katika vijiji vingi gari lenyewe halikuwapo karibu. Na aliyeumia zaidi kwa hilo ni mama mzazi. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika ya kuwa mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: hucheleweshwa nyumbani katika kuamua, hucheleweshwa njiani katika kufika, na hucheleweshwa hospitalini katika kutibiwa. Na mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa hana muda wa kucheleweshwa mara tatu, maana damu hiyo yaweza kumuua mwanamke mzima wa afya katika muda wa saa chache tu.

Kwa ajili hiyo Tanzania ukaanzishwa mpango uitwao m-mama. Ulijaribiwa kwanza katika Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na Shinyanga, na mwezi wa Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uwe wa taifa. Nambari yake ni 115, na kuipiga hakuna malipo. Nambari hii ni kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, na mtoto mchanga. Anayepiga aweza kuwa mkunga wa zahanati aliyeona mambo yamemzidi, au aweza kuwa mtu wa nyumbani. Mpokea simu huuliza maswali yaliyopangwa, akapima khatari, akachagua kituo chenye uwezo wa kuitibu khatari hiyo, kisha hutafuta chombo. Likiwapo gari la wagonjwa karibu, hulituma. Lisipokuwapo, humwita dereva wa jamii, yaani mtu mwenye gari yake ya kawaida, jirani ya watu hao hao, aliyeandikishwa na kufundishwa mapema. Akishamfikisha mgonjwa hulipwa nauli yake kwa simu, wala jamaa wa mgonjwa hawatakiwi kutoa.

Fahamuni ukubwa wa jambo hili. Zamani mume aliyeamshwa saa nane za usiku alitoka kwenda kugonga milango ya wenye magari, akapatana bei, akaambiwa petroli hakuna, akaenda kukopa. Kupatana kule kulikuwa ni kupatana juu ya damu ya mkewe. Sasa bei imekwisha kupatanwa mchana, na watu walio macho. Na katika hesabu za nchi, vifo vya wazazi Tanzania vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukakuta 104. Upungufu huo hatuwezi kuuhesabia magari na simu peke yake, maana mpango wa nchi nzima ulikuwa ndio kwanza waanza; vituo vimeongezwa, na wakunga na dawa vilevile. Lakini kituo kizuri kisichofikika chamfaa nini aliye nyumbani?

Basi, ndugu zangu, hapa ndipo penye neno letu la mwezi huu. Mipango hii yote, ya London na ya Shinyanga, imejengwa juu ya nguzo moja, nayo ni ukweli wa anayepiga simu. Mpokea simu haoni. Macho yake ni ulimi wako. Ukimwambia lisilokuwa, amepofuka.

Kuna uwongo wa kuzidisha. Wako watu wanaoona ni ujanja: sema hapumui, gari lije upesi. Ewe ndugu, gari ulilolivuta kwa uwongo halikushuka kutoka mbinguni. Limetoka mahali, na hapo lilipotoka yuko mtu ambaye kweli hapumui, naye ana mama kama wewe na watoto kama wewe. Humjui, wala hutamjua, na haki yake umeichukua. Mtu huona haya kumruka mwenziwe katika foleni ya mkate, mbona haoni haya kumruka katika foleni ya roho?

Na kuna uwongo wa kupunguza, ambao katika majumba yetu ni mwingi zaidi, kwa kuwa umevaa nguo ya adabu. Mwanamume apiga simu, aulizwa: mama ana nini? Ajibu: hajisikii vizuri. Aulizwa tena: anatokwa na damu? Anyamaza, au asema: kidogo tu, kwa kuona vibaya kutaja mambo ya wanawake mbele ya mtu asiyemjua. Haya ni pambo la Muislamu, wala hatusemi ivuliwe. Lakini haya isiyoweza kutaja damu mbele ya mwenye kutibu si haya tena, ni kumficha mgonjwa. Kama ulimi wako mzito, mpe simu mama mtu mzima aliye chumbani aseme mwenyewe alichokiona.

Na akina baba wapendwa, liko la kuwakhusu nyinyi khasa. Ule ucheleweshaji wa kwanza, wa nyumbani, mara nyingi funguo yake mnayo nyinyi. Mke ashikwa na uchungu wa hatari, na watu wa nyumba wasema: tumngoje mwenyewe arudi safari, atoe ruhusa. Toeni ruhusa hiyo leo, mkiwa mmekaa na mmetulia, na muitoe mbele ya mama mkwe na mashemeji: likitokea la kutokea, msiningoje, pigeni simu. Neno hilo halikupunguzii heshima katika nyumba yako, bali laizidisha.

Sasa tutaje kwa ufupi mambo ambayo kila nyumba yapasa iyafanye.

Kwanza, nambari ijulikane na kila aliye na akili ya kupiga simu, hata mtoto wa miaka minane. Tanzania kwa uzazi na mtoto mchanga ni 115. Walioko Kenya wana 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wana 1199. Iandikeni ukutani, maana fazaa humsahaulisha mtu hata jina lake.

Pili, jifunzeni kueleza mlipo. Nyumba zetu nyingi hazina nambari. Basi taja mkoa na wilaya, kijiji au mtaa, kisha alama ambayo mgeni aweza kuiona usiku: msikiti, skuli, kisima, mbuyu, duka lenye taa. Usiseme, "Karibu na kwa Mzee Fulani," maana dereva hamjui. Mara tu simu ikimalizika, kijana mmoja atoke na tochi asimame barabarani.

Tatu, jibuni mnaloulizwa kwa namna mnavyoulizwa. Anapumua au hapumui? Ukimwita, aitika? Mimba ni ya miezi mingapi? Damu imelowesha khanga ngapi? Tangu saa ngapi? Wako watu wanaokasirika: "Mbona wanihoji badala ya kuleta gari?" Maswali hayo ndiyo yanayoleta gari. Kila jibu la hasira ni nukta iliyopotea, tena ni ya mgonjwa wako.

Nne, msikate simu mpaka mwambiwe. Mkielekezwa jambo la kufanya, mlifanye. Na hali ikibadilika kabla gari halijafika, pigeni tena mkaseme, kwa kuwa daraja la mgonjwa hubadilika kwa khabari mpya.

Tano, mkiambiwa mngoje kwa kuwa yuko aliye katika khatari zaidi, ngojeni kwa subira. Jueni ya kuwa utaratibu huo unaokuambia leo ungoje, ndio utakaokutanguliza wewe siku ya khatari yako. Mwenye kutaka kutangulizwa siku zote, hataki haki, ataka upendeleo.

Nanyi vijana, liko la kwenu. Kupiga nambari ya dharura kwa mchezo, ukacheka na wenzako kisha ukakata, mwakuona ni mzaha wa dakika moja. Katika dakika hiyo mstari ulishikwa, na pengine mkunga katika zahanati ya mbali alikuwa akipiga. Mzazi akimpa mtoto simu achezee, na amfundishe pamoja na hayo ni nambari gani isiyochezewa. Na nyinyi mliojaliwa elimu ya kusoma na kuandika, ingieni katika nyumba za mabibi na mababu zenu, mkawaandikie nambari kwa herufi kubwa karibu na mlango, mkawafundishe namna ya kuipiga. Ni sadaka isiyohitaji mali.

Tumalizie kwa kuwaomba jambo dogo la usiku huu. Baada ya chakula, kabla watu hawajatawanyika, mwenye nyumba amwulize mmoja mmoja: likitufika jambo sasa hivi, utapiga nambari gani, na utasemaje tulipo? Mtakaopata majibu mema, mshukuruni Mungu. Na mtakaokuta watu wanatazamana, anzeni kufundishana hapo hapo mkekani. Mwenyezi Mungu atukinge na dharura sote, na ikitufika atujaalie utulivu na ulimi wa kweli. Mpaka mwezi ujao, inshallah.